Dakika Ishirini za Chukwani

Jumatatu, 16 Aprili 1956

Ramadhani ya tano. Mvua tangu alfajiri. Nimenunua daftari hili kwa sababu kazini haturuhusiwi kuzungumza, na nyumbani siwezi kusema. Mtu asiposema popote hupasuka.

Mambo yenyewe ni haya. Mimi Mcha, mtoto wa Bi Mashavu wa Kiembe Samaki, ni karani wa kiwanda cha sabuni na mafuta ya nazi, njia ya Chukwani. Mshahara shilingi mia mbili na thelathini. Naandika tena, maana ndicho kitu pekee kinachonifurahisha: mia mbili na thelathini. Zamani nilikuwa nikiandika barua kwa mwenye duka la vitambaa Mji Mkongwe, shilingi themanini, nimekalia robota la marekani, nakunywa kahawa, nacheka. Sasa sicheki. Nikichana nywele, nusu zinabaki kwenye kitana.

Meneja wetu tunamwita Bwana Dakika, kwa siri. Mzungu mrefu, mpole wa sauti. Hagombi. Huandika. Umechelewa dakika mbili, anaandika. Umekohoa, anaandika. Chooni unakwenda na kibao shingoni, dakika tano, na ukirudi anaandika. Karani aliyefanya kazi chache kuliko wenzake huwekewa mezani kibendera chekundu, akae nacho kutwa watu wamwone. Leo nimekipata mimi. Nilipiga chafya juu ya barua, ikabidi niipige taipu upya.

Makungu, karani wa stoo, hajapata kibendera hata siku moja. Kila nikitoka na kibao, yeye hutazama saa. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, anaifanya kwa mapenzi.

Mbona siondoki? Kazija. Baba yake, Mzee Duni, ni muadhini wa msikiti wa Chukwani, na posa yangu ameikubali kwa ajili ya kazi hii. Alimwambia mama kwamba kijana anayekaa chini ya saa kubwa kama ile hawezi kuwa mtu wa ovyo. Harusi ni Mfungo Mosi, sikukuu ikishapita. Nikiacha kazi nimeacha na mke.

Jumanne, 17 Aprili

Mjini watu wanatoka kazini mapema kwa ajili ya mwezi mtukufu. Sisi tunatoka saa kumi na mbili kasorobo. Bwana Dakika kasema sabuni za sikukuu hazifungi Ramadhani.

Toka kiwandani mpaka kwetu ni baskeli, matope na mvua ya uso. Adhana hunikuta njiani. Leo nimefuturu kwa tende moja iliyoloa mfukoni, nimesimama ukingoni mwa mtaro. Nilipofika, uji wa mama ulikuwa umepoa umefanya utando. Akauliza mbona siusifu. Nikalia kidogo. Nikamwambia ni pilipili manga.

Mama akasema mshahara mzuri una machozi yake, nivumilie. Kisha akatoka kwenda kwa jirani kujisifu.

Jumatano, 18 Aprili

Nimepata akili. Sijui ilikuwa wapi miezi yote hii.

Saa kubwa ya kiwanda iko juu ya mlango wa ofisi. Ina nyuso mbili za mtambo mmoja, uso mmoja unatutazama sisi ndani, mwengine unatazama barabarani. Bwana Dakika kaja nayo melini kutoka kwao, na haamini nyengine. Hata yake ya mkononi huilinganisha na hiyo kila asubuhi. Na ufunguo wake anao nani? Mimi. Nilikabidhiwa mwezi wa pili wa kazi, niwe naijaza na kuipangusa vumbi. Makungu alivimba siku mbili kwa wivu.

Basi leo mchana, Bwana Dakika alipokwenda kupumzika nyumbani kwake nyuma ya stoo, nikapanda kiti na kitambaa changu. Napangusa, napangusa. Nikasogeza akrabu dakika tano mbele. Goti likagonga ukuta. Hakuna aliyeinua kichwa, maana kuinua kichwa kunaandikwa.

Tumetoka mapema dakika tano! Kesho asubuhi nafika wa kwanza, naregesha nyuma, saa iko sawa na mimi niko salama.

Jambo jengine la furaha. Alasiri Mzee Duni alisimama barabarani, mkabala na dirisha langu lililo chini ya saa. Akatazama juu, akatabasamu, mkononi kashika kitu, tasbihi nadhani. Baba mkwe kaja kumwona mkwewe kazini! Nikapiga taipu kwa vidole kumi, na mimi najua vinne tu. Barua nzima imeharibika.

Jumamosi, 21 Aprili

Siku ya nne ya hila. Nimefikia dakika kumi. Leo Bwana Dakika aliona saa yake ya mkononi imebaki nyuma. Akaivua, akaitazama muda mrefu kwa huzuni, akaituma mjini kwa fundi. Sasa hana saa nyengine ila ile niliyonayo mimi. Mwenyezi Mungu akitaka kukupa hakuletei barua.

Nilijiona mtu mkubwa. Wafanyakazi mia na kitu, kila mmoja nimempa dakika kumi za sadaka, na hakuna anayejua. Akina mama wa kufunga sabuni walitoka wakikimbilia vyungu vyao. Nikataka kuwaambia, nikajizuia kwa unyenyekevu.

Saa kumi na moja u nusu Mzee Duni yuko barabarani tena. Siku nne mfululizo! Nikamwinamia kwa heshima kupitia dirishani. Nikaandikwa.

Kabla ya kutoka tukapangwa mstari. Bwana Dakika kasema amehesabu makasha. Tangu Jumatano makasha ya sabuni yamepungua kila siku, saa ni zile zile, basi kilichopungua ni bidii. Kuanzia Jumatatu tutatoka saa kumi na mbili kamili. Mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri. Nikatafsiri. Akina mama wakatazama miguu yao. Bibi mmoja mtu mzima aliuliza polepole atafuturu saa ngapi, na kwake wanamngoja wajukuu. Hilo sikulitafsiri.

Nimeiba dakika kumi, kachukua kumi na tano.

Jumatatu, 23 Aprili

Usiku nimesaga meno mpaka mama kaja kuniamsha, kafikiri panya. Asubuhi kibendera. Mchana kibendera. Nimekaa nimewaza. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini hesabu ni hesabu: akiongeza yeye kumi na tano, mimi nikisogeza ishirini, nimemzidi tano. Ni sawa na kudai haki.

Mzee Duni kanialika kufuturu kwake kesho. Kazija ndiye atakayepika. Mama kanipigia pasi kanzu mara mbili.

Jumanne, 24 Aprili

Niandike kwa mpango.

Mchana nilisogeza dakika ishirini. Wingu lilitanda toka asubuhi, zito, jua halikuonekana hata alama. Alasiri Mzee Duni akaja barabarani kama kawaida yake. Tukatoka. Nikapanda baskeli mpaka Chukwani, nimevaa kanzu, nanukia udi.

Tukakaa kibarazani, karibu na msikiti, watu kama kumi. Mkeka, sinia, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, tambi. Nyuma ya pazia nasikia bangili za Kazija. Mzee Duni akatoa kitu mfukoni, akakitazama, akaenda mlangoni kwa msikiti, akaadhini. Sauti yake nzuri mno. Niliona kama mapema, lakini tumbo tupu halina ratiba. Nikaanza kwa tende tatu, nikaingia kwenye muhogo.

Tulikuwa tunasifu samaki, wingu likapasuka upande wa bahari. Jua hilo. Limekaa juu ya maji, la manjano, zima, halina haraka. Watu wote wakaacha kutafuna, chakula kiko midomoni. Mmoja akatema. Kutoka nyumba za pili tukasikia mwanamke akiuliza kwa sauti, jamani, tumefanya nini.

Mzee Duni alibaki amesimama mlangoni kwa msikiti na kile kitu mkononi. Si tasbihi. Ni saa ya mfukoni, aliyorithi kwa baba yake. Akasema, kama anayejisemea, kwamba saa hii hupoteza dakika kidogo kila siku, ndiyo maana wakati huu wa masika, jua halionekani, huenda kila alasiri kuilinganisha na saa kubwa ya kiwandani. Akasema miaka thelathini na minane hajawakosesha watu. Kisha akakaa chini, akalia mbele za watu, mzee mzima.

Kumbe hakuwa akija kunitazama mimi.

Jumatano, 25 Aprili

Alfajiri nimeiregesha saa nyuma. Ningeivunja kama haikuwa juu.

Chukwani nzima inadaiwa saumu ya siku moja, na zile za dakika tano na kumi nazijua mimi tu. Wazee, wajawazito, mpaka watoto waliokuwa wakifunga kwa mara ya kwanza na wameshaahidiwa kuku. Wote italazimu wailipe. Nimejaribu kuhesabu nyumba, nikaacha. Siku zote hizo ziko shingoni mwangu na hakuna anayejua.

Wanamlaumu Mzee Duni. Wanasema macho yameingia ukungu, saa yake mbovu, angoje jua lizame ndipo aadhini. Kwa wingu lile angengojea nini? Nilitamani kusema. Nikakumbuka Kazija. Nikanyamaza. Nikakumbuka shilingi, nikanyamaza zaidi.

Leo sikusogeza hata dakika. Tumetoka saa kumi na mbili kamili, nimefuturu mtaroni, nimeloa chapa. Ilikuwa haki yangu.

Ijumaa, 27 Aprili

Siku mbaya kuliko zote, na nimekuwa na nyingi.

Watu wawili wa Chukwani walikuja ofisini, wamevaa kofia zao nzuri, kuuliza kwa adabu kama saa kubwa haikuwa na hitilafu Jumanne. Bwana Dakika akanywea, akawa mweupe zaidi. Saa yake ya mkononi ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi, fundi kasema haina ugonjwa. Akailinganisha na kubwa mbele yao. Sawasawa, sekunde kwa sekunde, maana asubuhi nilikuwa nimeshaiweka vizuri. Akaniita nitafsiri.

Nikatafsiri. Saa ya kiwanda haijapata kukosea. Aliyekosea ni mzee wenu. Mtu asiyeweza kusoma saa asiwekwe mahali pa kuwaongoza wenziwe. Kila neno nikalisema kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili safi, na ufunguo uko mfukoni unanichoma paja. Wale watu wakashukuru, wakaondoka.

Nikaingiwa na hofu kwamba Bwana Dakika atachunguza. Nikabuni jambo. Ufunguo ukionekana kwa Makungu, mwizi ni Makungu. Nikautia mtotoni mwa meza yake, chini ya karatasi za stoo. Makungu akaupata kabla sijarudi kwenye kiti. Akauinua juu, akaniletea mbele ya watu wote, akasema nimeangusha amana ya Bwana, kidogo tu ungepotea. Bwana Dakika akaandika ukurasa mzima. Kibendera wiki moja, sikiondoi.

Baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Duni kawaambia watu haadhini tena.

Jumatatu, 30 Aprili

Chukwani wamemchagua muadhini mpya. Makungu! Kwao ni kule kule. Sauti yake ina kutu, lakini wanasema kijana huyu anajua wakati. Leo kazini alinitazama kama mtu anayenihurumia. Kibendera kiko mezani. Sina hamu ya kula hata jua likizama kweli.

Alhamisi, 3 Mei

Nimekwenda kusema.

Siku tisa sijalala. Baada ya tarawehe nikamfuata Mzee Duni kibarazani kwake. Alikuwa peke yake, saa ya mfukoni iko mbele yake juu ya kitambaa, kaifungua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, karibu. Nikakaa. Nikamwambia yote. Ufunguo, kitambaa, dakika tano, kumi, ishirini. Nimesema bila kupumua, nikangoja anifukuze.

Akanishika mkono. Akasema, mwanangu, mimi nshazeeka lakini si mjinga. Unataka kujitwika kosa langu ili watu waniheshimu tena. Kijana wa kazi kama yako hawezi kufanya upuuzi huo. Nikaapa. Akasema nisiape, mwezi mtukufu huu, nitajitia dhambini kwa ajili yake. Nikaapa tena. Akalia kwa furaha, akasema Kazija kapata mume.

Basi nimesema kweli na nimeonekana mwema. Nilirudi nyumbani nikiimba baskelini. Mungu mkubwa! Kazi ninayo, mke ninaye, roho nyepesi. Kitu kimoja tu. Nilipoinuka, pazia la mlango lilitikisika, na bangili nilizisikia.

Jumamosi, 5 Mei

Mama karudi kutoka Chukwani na kifurushi. Barua ya posa, doti mbili za kanga, chupa ya mafuta mazuri haijafunguliwa. Vyote nilivyopeleka, vimekunjwa vizuri.

Kazija kamtuma mama maneno, na mama kayaleta kama yalivyo, haachi neno. Kasema, baba yangu anasema Mcha kaongopa kwa wema. Mimi nasema Mcha kasema kweli, na pengine ndiyo mara yake ya kwanza. Kusogeza saa ningemsamehe, kazi ile inatia watu wazimu, kila mtu anajua. Lakini alimwona baba analia, akanyamaza siku tisa, na ufunguo anao mfukoni. Simtaki.

Mzee Duni kambembeleza bintiye kutwa. Kasema ni mtoto wake wa pekee, hamlazimishi. Ananiomba radhi. Yeye, ananiomba radhi mimi.

Mama kaniuliza ni kweli. Nikasema kweli. Akaenda jikoni, akakoroga uji usiokuwa motoni.

Na leo kazini? Bwana Dakika kafurahi. Makasha yameongezeka tangu Jumatano ile, kasema ukali unaleta bidii. Kaniongezea shilingi kumi na tano kwa kuitunza saa. Makungu kapewa saa ya mkononi mpya, zawadi ya mwenye mwenendo bora. Sasa mimi ni mia mbili na arubaini na tano. Nimeziandika, hazikunifurahisha. Nimeziandika mara ya pili kuona. Bado.

Jumatatu, 14 Mei

Mfungo Mosi tarehe tatu. Ningekuwa bwana harusi wiki hii. Sikukuu nimeshinda nimelala, mama kaniletea mkate wa kumimina, nikageukia ukutani.

Leo kazini, kwa kuwa sabuni za sikukuu zimekwisha, saa kumi na mbili kasorobo ndiyo tena saa ya kutoka. Kibendera kimenirudia asubuhi mapema. Bibi wa kufunga sabuni, yule wa wajukuu, kaanguka kwa kizunguzungu, kaandikwa. Nilitaka kuacha kazi papo hapo. Nikafikiri: nimeshapoteza mke kwa kazi hii, nikipoteza na kazi nitakuwa nimempoteza bure.

Nimeapa juu ya daftari hili sitaigusa tena ile saa. Nimeapa kwa moyo safi. Yaliyopita yamenifunza.

Isipokuwa kuna jambo moja. Nimesikia Kazija huenda kisimani kuteka maji saa kumi na moja u nusu, yeye na nduguze, njia ya nyuma ya msikiti. Nikimkuta pale, nikamtaka radhi kwa adabu, mbele ya nduguze, nadhani atanisikiliza. Ana moyo mzuri, kasema mwenyewe kusogeza saa angenisamehe. Tatizo nikitoka kazini ameshamaliza kuteka.

Robo saa tu. Robo saa na kidogo, kwa ajili ya matope. Ramadhani imekwisha, hakuna atakayeumia. Na Mzee Duni haadhini tena, basi hayumo.

Makungu ndiye muadhini siku hizi. Ile saa yake mpya huilinganisha na kubwa kila alasiri, kabla hatujatoka. Lakini yule ni mtu makini, ataona tu.

Kesho mchana naipangusa vumbi.